Keni mbili kwa siku: mwongozo wa bustani kwa mtu aliyeanguka

Desemba ile barabara ya Moshi kwenda Arusha ilijaa magari ya Dar, ndugu wanarudi uchagani kula Krismasi. Ni msimu ambao dereva wa Coaster mwenye akili anatengeneza hela ya miezi miwili ndani ya siku kumi. Mimi tajiri, mwenye gari, alinikuta stendi saa nne asubuhi nimelalia usukani, abiria wamejaa, konda ananipepea na kitambaa. Akaomba funguo. Hakugomba wala kutukana, na nadhani hilo ndilo liliniuma zaidi. Mwaka mpya ukanikuta Pasua, hapa Moshi mjini, chumba na sebule, mke amerudi kwao Mwika na watoto wetu wawili, na mimi nahesabu saa zilizobaki hadi kilabu kifunguliwe.

Aliyenianzishia bustani ni jirani, mama anayeuza mboga soko la Mbuyuni. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Shemeji, hapo nyuma ya choo unapafanyia nini?" Nikamwambia hamna. "Basi nipandie mchicha, nitanunua." Nikacheka, maana kwetu mboga ni kazi ya mama, mwanaume ana migomba na kahawa yake. Lakini sikuwa na mgomba wala kahawa, na usukani ndio huo umeshachukuliwa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna yangu ya Januari ile, si wa anayetaka kulima biashara. Na neno moja kabla ya jembe: kama unakunywa kila siku, na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka au unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni, anzia hospitali. Kuacha ghafla ukiwa umefika hapo kunaweza kukuua. Mchicha hautibu hilo.

Tuta moja, usizidishe

Pima mita 1 kwa mita 3. Basi. Siku ya kwanza mimi nililima eneo zima kwa hasira, siku ya pili mgongo ukakataa, siku ya tatu nikawa na uwanja mzima wa mabonge unaonitazama kila nikitoka nje. Tuta la mita tatu unalimaliza asubuhi moja na bado una nguvu ya kunywa chai.

Upana wa mita moja una sababu: unafika katikati kwa mkono ukiwa umechuchumaa upande wowote, hivyo hukanyagi udongo ulioulainisha. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi, na pawe njiani, mahali utakapopita hata usipotaka. Njia ya chooni inafaa sana. Bustani iliyo nyuma kabisa ya nyumba utaikwepa siku mbaya zikija, na zitakuja.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki jembe, tumia viroba vya kilo 50. Toboa matundu chini, weka kokoto kiasi cha ngumi, jaza udongo uliochanganywa na samadi mpaka robo tatu. Viroba vinne vinatosha kuanzia, na ukihama unahama navyo.

Udongo na samadi

Chimba kina cha kama sentimita 30. Viwanja vya mjini vimejaa vifusi; kwangu nilitoa vipande vya tofali, misumari, soli ya kiatu cha mtoto na vifuniko vya bia kopo zima. Vifuniko hivyo baadhi ni vyangu, sina la kuficha.

Kisha samadi ya ng'ombe iliyooza, debe mbili hadi tatu kwa tuta hilo, uichanganye vizuri na udongo wa juu. Haina shida kuipata. Mjini watu wanafuga ndani ya uzio, na ukipanda kidogo kuelekea Kibosho au Uru kila banda lina lundo nyuma yake. Kazi ni kuijua iliyoiva. Ingiza mkono ndani ya lundo mpaka karibu na kiwiko. Ukisikia joto, iache, bado inachacha. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inapukutika vidoleni, na haina tena ile harufu ya banda.

Mimi nilipewa bure viroba viwili vya samadi ya kuku, mbichi, nikavimwaga vyote kwa furaha ya cha bure. Miche ilitoka, ikakaa siku nne, ikaungua ncha kama imepitishiwa pasi ya mkaa. Tuta langu la kwanza liliishia hapo. Samadi ya kuku ni nzuri na ina nguvu, ndiyo maana inatakiwa ioze miezi miwili mitatu kwanza.

Anza na mchicha, na uwe na kalenda

Kuna sababu moja tu ya kuanza na mchicha: una haraka. Ulipoharibikiwa huwezi kungoja miezi minne kujua kama umefanya kitu cha maana.

Mbegu ni ndogo kuliko ulezi. Ukizimwaga hivihivi zitarundikana sehemu moja, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu. Chora mistari kwa kijiti, ikiachana sentimita 20, kina kisichozidi nusu ya ukucha. Mwaga mchanganyiko wako taratibu, fukia kwa vidole, mwagilia, halafu funika na majani makavu ya mgomba. Zungushia majivu pembeni mwa tuta, la sivyo sisimizi watabeba mbegu zako mstarini kama wapagazi wa mlimani.

Sasa chukua kalenda ya ukutani, hata ile ya kanisa. Andika siku uliyosia. Hesabu siku tano mbele, andika "tazama". Wiki mbili mbele, "punguzia". Siku ya 25, "vuna". Hili usiliruke, kwangu mimi ndiyo hatua yenyewe. Mtu aliyeanguka kalenda yake huwa nyeupe. Hana miadi na mtu, hakuna anayemsubiri mahali, Jumanne na Ijumaa zinafanana. Mchicha unakupa miadi, na haujali kama ulilala vibaya.

Kwenye tuta langu la pili, asubuhi ya siku ya tano, nilifunua jani la mgomba upande mmoja. Kulikuwa na mstari wa rangi nyekundu hafifu juu ya udongo mweusi. Nikainama. Vishina vyembamba kama uzi wa kushonea, vingine bado vimekunja shingo, kimoja kimebeba ganda la mbegu kichwani kama kofia. Nikaanza kuvihesabu. Nilifika arobaini na kitu, nikapotea, nikaanza upya. Tangu Desemba nilikuwa sijahesabu kitu kinachoongezeka.

Vikishatoka hivyo, ondoa majani ya mgomba jioni hiyohiyo, usisubiri virefuke na kupauka. Baada ya wiki mbili ng'oa vilivyobanana, ubakize nafasi ya vidole vinne kati ya mche na mche. Vile ulivyong'oa si takataka, ni mboga ya usiku huo.

Saa ya kumwagilia

Miezi ya jua, Januari, Februari na sehemu ya Machi kabla masika haijakamata, tuta la mita tatu linahitaji keni mbili za lita 10 kwa siku, moja asubuhi na moja jioni. Huna keni? Toboa chini ya kopo kwa msumari mwembamba, uwe unachota kwenye ndoo. Matundu yawe madogo, maana maji mazito yanafukua mbegu na kulaza miche.

Jioni yenyewe ni saa ngapi? Kumi na moja. Jua limepoa, kivuli cha ukuta kimefika kwenye tuta, na maji hayapotei hewani. Ni saa hiyohiyo kilabu kinapoanza kuchangamka, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshachujwa, na wenzako wanakuita kwa jina. Mimi sikuacha pombe kwa nguvu za moyo, nisikudanganye. Niliacha kwa sababu saa kumi na moja nilikuwa na ndoo mkononi, na nikimaliza miguu ina matope, nikioga kumeshaingia giza, na nikiwa nimeshaoga naona uvivu kutoka. Dakika arobaini hivi. Pombe ilikuwa inaingilia hapo hapo, kwenye hizo dakika arobaini.

Kwa hiyo usimwagilie haraka. Vuta maji mwenyewe bombani, ndoo moja moja. Bomba likikatika, na hukatika, nenda kwa jirani mwenye pipa na kaa umwombe kwa maneno kamili. Mwaga chini, kwenye udongo, usiyamwage juu ya majani. Halafu chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kama kinatoka na udongo ulioshikana, inatosha. Kikitoka kikavu, rudia. Kikitoka na tope, kesho asubuhi ruka.

Bwana shamba atakwambia asubuhi ni bora kuliko jioni, kwamba majani yakilala na unyevu yanaita ukungu, hasa Juni hadi Agosti mawingu yanapotanda na Kibo haionekani wiki nzima. Yuko sahihi. Ndiyo maana nasema mwaga kwenye udongo. Masika ikianza na hakuna cha kumwagilia, nenda hivyohivyo saa kumi na moja: palilia, inua udongo uliomomonyoka, okota konokono. Saa ibaki palepale.

Na kuhusu hela. Nilipovuna mara ya kwanza nilipata mafungu 19, jirani akaja kunilipa jioni. Noti mkononi, saa kumi na moja na nusu, mwezi Februari. Nilizitazama, nikamrudishia. "Shemeji, naomba uwe unanilipa asubuhi." Hakuuliza kwa nini. Tangu hapo analipa saa moja akipita kwenda sokoni, wakati mwingine kwa unga.

Mnafu, wiki ya tatu

Mchicha ukishakuzoesha, sia mnafu, ile mboga ya asili yenye uchungu kidogo. Huu unataka kitalu: kipande cha nusu mita, au hata beseni bovu lililotobolewa. Miche ikiwa na majani manne hadi sita ya kweli, karibu mwezi mmoja, ihamishe jioni. Mwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake, panda kwa umbali wa sentimita 30, bana udongo kwa viganja, kisha weka kivuli cha majani ya mgomba siku tatu.

Ukifika urefu wa shibiri, kata kilele. Utasikia uchungu kidogo kuukata mmea uliokaa vizuri, lakini ukiuacha utapanda juu na kutoa maua mapema. Ukiukata unatoa matawi ubavuni, na kila baada ya wiki moja au mbili unachuma tena. Shina moja likitunzwa linakulisha miezi kadhaa. Matunda yake mabichi ya kijani usile wala usimpe mtoto, yana sumu.

Nilipokuwa naendesha nilipita Tengeru mara nne kwa siku na sikuwahi kujua kuna nini zaidi ya foleni ya siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Kumbe pale kuna watu kazi yao ni mboga: kituo cha utafiti cha serikali, na jirani yake, Duluti, kituo cha kimataifa cha mboga kinachotunza mbegu za asili, mnafu ukiwemo. Aina za mnafu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi zimetokana na kazi za vituo hivyo. Uliza kwenye maduka ya pembejeo. Ukikosa, omba mbegu kwa mama yeyote anayeuza mnafu, atakuwa nazo kwenye kikopo jikoni.

Fungu langu zuri la kwanza la mnafu nililituma Mwika kwa Hiace, ndani ya kiroba kilichooshwa. Sikuandika kitu. Siku ya tatu konda alinirudishia kiroba, kimekunjwa vizuri, ndani kuna mayai manne ya kienyeji yaliyofungwa kwenye gazeti.

Usianze na nyanya

Najua unataka. Kila mtu anataka, nyanya ndiyo yenye hela. Lakini kuna kantangaze, kale kanondo kadogo ambako mabuu yake yanatoboa jani na tunda. Kuna bakajani siku za ukungu, na utitiri mwekundu siku za jua. Mkulima mwenye mtaji na bomba la kupulizia anakoseshwa usingizi, sembuse wewe. Nyanya inaweza kukuangusha wiki moja kabla ya kuvuna, na wewe sasa hivi hutakiwi kuangushwa. Subiri mwaka.

Kwa mboga za majani adui mkubwa ni vidukari, wale wadogo wanaokaa chini ya jani kama vumbi. Wakiwa wachache, waoshe kwa maji kwa mkono. Wakizidi, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, kwangulia sabuni ya mche kidogo ili dawa inate, nyunyiza jioni chini ya majani. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu. Jirani yangu anauza mboga zile kwa watoto wa watu.

Ukianguka tena

Agosti kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, Marangu. Nilikwenda kwa siku moja. Nilirudi siku ya sita.

Sitasimulia katikati. Nitakwambia nilichokikuta nyuma ya choo: mchicha umelala wote, mkavu, ukiushika unavunjika kama karatasi. Mnafu umening'inia, majani ya chini ya njano, ya juu yamejikunja. Nilitaka kung'oa kila kitu. Jirani alikuwa anaanua nguo, akaniona, akasema kwa upande wa pili wa uzio, "Usiguse mpaka umwagilie mara tatu."

Kwa hiyo fanya hivi. Usimwage maji mengi kwa mara moja, udongo uliokauka sana unayakataa, yanapita juu na kukimbia. Chokonoa kidogo kwa kijiti kati ya mashina, weka nusu keni, ngoja robo saa, weka nusu nyingine. Funika udongo kwa matandazo. Usiweke mbolea ya aina yoyote, mmea wenye kiu haulishwi. Rudia kesho na keshokutwa. Siku ya nne kwaruza gome la shina kwa ukucha: ndani pakiwa kijani, lipo hai. Chukua kisu kikali, kata kiganja kimoja kutoka chini, juu ya kifundo, na uliache.

Mchicha haukurudi. Nilifukia mabaki palepale yawe mboji, nikasia mwingine, nikaandika tarehe mpya kwenye kalenda bila kuifuta ya zamani. Mnafu, mashina 14 kati ya 20 yalichipua. Machipukizi yalitoka mawili mawili chini kidogo ya pale kisu kilipopita, madogo kama masikio ya panya.

Mgomba, mwaka wa pili

Baada ya mwaka nilipanda Uru kumwomba baba chipukizi la mshare, ndizi yetu ya kupika. Kule juu kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, si bustani ya kufurahisha macho, ni nyumba ya pili: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu. Shimbwe Juu, si mbali na kwa baba, kihamba chake kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo duniani, na wazee hawakushangaa hata kidogo. Baba alinitazama muda mrefu. "Mgomba unazaa mwaka kesho, au zaidi. Utakuwepo?" Nikamwambia nitakuwepo. Akaingia migombani na sululu.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Yale yenye majani mapana yangali mafupi ni dhaifu. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, mwanzoni mwa Machi. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyoiva, urudishe kwanza. Panda, shindilia, elekeza hapo maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Joto la Pasua si la Uru, kwa hiyo kiangazi mgomba wako nao unataka ndoo yake.

Utachipua watoto wengi, na hapo ndipo wengi wanakosea kwa huruma. Kwenye shina moja bakiza watatu wanaopishana umri: mama, mtoto, mjukuu. Mama akizaa na kukatwa, mtoto yuko njiani. Wanaozidi watoe wangali wadogo, kwa sululu, uking'oa na kipande cha kitako.

Wangu umeshazaa mara moja, mkungu wa kubebwa na watu wawili. Mwezi huu nimetoa chipukizi la nne, lipo kivulini kwenye kiroba chenye udongo. Ni la dereva mwenzangu wa zamani, anakaa Soweto ya hapa Moshi, tajiri wake naye alimwomba funguo wiki mbili zilizopita. Nimemwambia aje alichukue Jumamosi, saa kumi na moja jioni, na aje na ndoo.